Nilivyoishusha Bei Nyumba ya Strohm

Sehemu ya saba

Mliokuwa nami tangu mwanzo mnajua nilipofika. Kwa anayeanza leo, naitwa Bernadine Szabo, mkazi wa Toledo, Ohio. Miaka tisa iliyopita dalali mmoja aitwaye Garrick Strohm alitushauri, mimi na mume wangu Lonnie, tufute sharti la tathmini kwenye mkataba wa nyumba tuliyoitaka.

"Futeni tu, mtawapiku wengine," alituambia. Tukafuta.

Benki ikatuma mthamini. Mthamini akasema nyumba haifiki bei tuliyopatana. Benki ikapunguza mkopo, pengo likatushinda. Sharti lingekuwepo, tungejitoa salama na kurudishiwa arubuni yetu. Halikuwepo. Dola elfu kumi na mbili zikabaki kwa muuzaji. Zilikuwa fidia ya vidole viwili ambavyo Lonnie aliviacha kwenye mashine ya kiwanda cha vioo.

Baada ya miezi minne Lonnie akafunga mizigo. "Kila nikikutazama naiona ile sahihi," alisema.

Nikarudia jina la baba yangu. Nikasomea kazi ya kuthamini nyumba, nikapata leseni. Watu walidhani natafuta riziki. Nilikuwa namtafuta Strohm.

Na wiki iliyopita niliwaeleza jinsi nilivyompata. Benki iliniletea karatasi ya kazi: nyumba moja huko Perrysburg, mwenye nyumba Glenda Strohm, dalali Garrick Strohm. Mume anauza nyumba ya mkewe.

Kanuni za kazi yetu ziko wazi. Ukiwa na kisa na mtu, unairudisha kazi. Unaandika sentensi moja tu, basi.

Sikuiandika.

* * *

Jumatatu saa nne asubuhi nilibonyeza kengele. Strohm alifungua mwenyewe. Meno yale yale, kitambi kipya.

"Karibu, bibie, karibu! Andika jina hapo kwenye daftari, halafu uvue koti. Kahawa?"

"Asante, hapana. Nimekuja kupima," nikasema huku naandika.

"Kazi kwanza! Nawapenda watu wa aina yako."

Akanifuata chumba kwa chumba kama mlinzi wa duka.

"Mke wangu yuko kazini, kwa daktari wa meno. Nyumba aliachiwa na mama yake. Unaona milango ilivyo mipana? Marehemu alikuwa anatumia kiti cha magurudumu."

"Naona."

"Tumepatana laki tatu na elfu kumi na mbili. Ni haki, au siyo?"

"Siruhusiwi kusema bei hapa."

"Najua, nakuchokoza tu." Akacheka, kisha akainamisha kichwa upande. "Hivi sijawahi kukuona mahali?"

"Nina sura ya watu wengi," nilimjibu, nikaendelea kupima ukuta ambao nilishaupima.

Nyumba ilikuwa nzuri, sitaki kuwadanganya. Paa la miaka mitatu. Sakafu ya mbao za mwaloni. Chumba cha chini ya ardhi kikavu, hata harufu ya unyevu hakuna. Kabla sijafika kwenye gari nilishajua inafika laki tatu na kumi na tano bila kuisukuma.

Niliandika laki mbili na sitini na nane.

Mthamini hutafuta nyumba zinazofanana zilizouzwa karibuni, akalinganisha. Mtaani pale zilikuwepo tatu, zote zimeuzwa vizuri. Nikaziruka. Nikachukua tatu za ng'ambo ya reli, mojawapo jiko lake liliwahi kuungua. Paa nikaliita "la wastani". Sakafu nikaiita "ya zamani". Kila neno nililiandika polepole, kama mtu anayekula pipi na hataki iishe.

Mnunuzi sikumfahamu. Jina lake lilikuwa kwenye mkataba, Odessa Pruitt, na kwenye ukurasa wa tatu nililiona sharti la tathmini limekaa mahali pake. Nikajipa moyo. Huyu hatadhurika. Bei ikishuka atajitoa, atarudishiwa arubuni yake ya elfu kumi na tano, atatafuta nyumba nyingine. Atakayelia ni Strohm peke yake.

Mkataba ulikuwa na kurasa kumi na moja. Mimi nilisoma tatu.

* * *

Jumatano mchana nilikuwa kwenye gari, mkate wenye soseji mkononi, simu ikalia.

"Bernadine Tillery," sauti ikasema.

Jina hilo la Lonnie sikuwa nimeitwa miaka minane.

"Umekosea namba."

"Sijakosea. Nilikujua pale pale ulipoishika kalamu kwa mkono wa kushoto. Nywele umepunguza, makunyanzi umeongeza, lakini mkono ni ule ule uliosaini mbele yangu. Mbona kimya? Nimekupigia nikushukuru."

"Unishukuru kwa lipi?"

"Ningeweza kukutoa nje siku ile. Nikajiambia, Garrick, mwache. Huyu ana hasira na wewe, ataiua bei. Na aiue."

"Mnunuzi atajitoa, Strohm. Huuzi kitu."

Alicheka mpaka akakohoa. "Mama, hukusoma ukurasa wa kumi na moja."

Nilitupa mkate kwenye kiti, nikafungua faili. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari miwili. Mnunuzi anaondoa sharti la tathmini. Mnunuzi anaondoa sharti la mkopo. Chini yake sahihi ya Odessa Pruitt, herufi za mviringo, za mtu aliyeandika kwa makini.

"Alikuwa na washindani wawili," Strohm akaendelea. "Hana dalali wake, akaniuliza mimi afanyeje. Nikamshauri."

"Ulimwambia nini?"

"Si unajua? Futa tu, utawapiku wengine."

Nikaisoma tena ile mistari miwili. Yeye akaendelea.

"Sasa sikiliza hesabu. Ana mpaka Ijumaa saa sita mchana alete elfu arobaini na nne za kuziba pengo ulilomchimbia. Hana hata robo yake. Arubuni inabaki kwetu. Na kuna watu wa Ann Arbor wananisubiri na pesa taslimu, laki tatu na ishirini na tano. Hao hawahitaji benki, wala mthamini. Umenilipa mara mbili, Bernadine. Maua nikutumie wapi?"

"Nitaisahihisha ripoti."

"Isahihishe. Na uwaeleze kwa nini ulidanganya. Bodi ya leseni ina watu wasikivu sana."

Akakata.

* * *

Anwani ya Odessa Pruitt ilikuwa kwenye mkataba. Nilikwenda saa ile ile, kabla woga haujanishika.

Alikuwa anakaa ghorofa ya tatu, upande wa mashariki wa mto, jengo lisilo na lifti. Alifungua akiwa na koti la madereva wa mabasi ya shule, kofia bado kichwani. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mabega ya mtu anayeshika usukani mkubwa kila siku. Nyuma yake, karibu na dirisha, mzee mmoja kwenye kiti cha magurudumu alikuwa anatazama mchezo wa besiboli.

"Kama unauza kitu, sina pesa," akasema.

"Siuzi. Mimi ndiye niliyeithamini ile nyumba ya Perrysburg."

Uso ukambadilika. "Ooh. Wewe. Ingia basi unieleze, maana nimelia tangu asubuhi sielewi. Nyumba ina tatizo gani ambalo mimi sikuliona?"

"Haina tatizo."

"Haina?"

"Nilidanganya."

Nikamwambia yote. Lonnie, vidole, Strohm, kalamu. Nilisimama mlangoni kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu. Odessa hakunikatiza. Nilipomaliza, alimgeukia mzee.

"Baba, umesikia?"

"Nimesikia," mzee akasema bila kuondoa macho kwenye mchezo. "Mchape kofi kwanza, halafu umpe kiti."

Kofi sikupigwa. Kiti nilipewa.

"Baba hajateremka ngazi hizi tangu Februari," Odessa akasema. "Namwogesha hapo jikoni, kwenye beseni. Ile nyumba nilipoiona, jambo la kwanza nililopima ni mlango wa bafu. Nililia mbele ya yule dalali. Akanipa kitambaa, akaniambia futa sharti, nyumba ni yako. Kumbe mimi ni fimbo tu, mnachapana nayo."

"Sikukujua, dada."

"Hukutaka kunijua. Jina langu si uliliona?"

"Nililiona," nikasema.

"Haya, niambie kwa lugha ya madereva. Ukisahihisha, naipata nyumba?"

"Ukweli ukiandikwa, benki itatoa mkopo wote. Utaipata."

"Na wewe?"

"Leseni inakwenda. Pengine na mahakamani nitafika."

"Na Strohm?"

Hilo ndilo nililokuwa nalikwepa njia nzima. "Strohm atapata bei yake kamili. Laki tatu na kumi na mbili."



"Hapo ndipo panapokuuma, eti? Leseni wala siyo. Unaumia kwamba mimi nikipona, na yeye anapona."

"Ndiyo," nikasema. Nimeapa kusema kweli kwenye hadithi hii, nami naisema.

Akanyanyuka, akanifungulia mlango. "Mimi sina ugomvi na mtu yeyote Perrysburg. Nina baba anayeogea jikoni. Kesho asubuhi uandike huo ukweli. Usipouandika, kumbuka naendesha basi la tani kumi na nne na najua gari lako ni lile la kijani."

"Mwambie kwaheri vizuri," mzee akasema. "Kaja mwenyewe. Wengine hawaji."

* * *

Alhamisi saa tatu asubuhi niliandika. Ripoti mpya, nyumba tatu za mtaani, laki tatu na kumi na tano. Na barua: mimi Bernadine Szabo, zamani Tillery, nilimfahamu dalali, nikaficha, nikashusha bei kwa makusudi. Kila mstari nilikuwa nasita. Msidhani ni toba. Nilikuwa namwona Strohm akipokea hundi yake na kutabasamu na yale meno.

Saa tano nikatuma.

Baada ya dakika ishirini ofisa wa benki akanipigia. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Bi Szabo, tumepata barua yako. Ila jana jioni dalali naye alituletea yake. Ametuletea na mkataba wenu wa zamani, wenye sahihi yako. Ripoti zako zote mbili tumezifuta."

"Hii ya leo ni ya kweli!"

"Huenda. Lakini imetoka kwako. Lazima aende mthamini mwingine ndipo tutoe mkopo, na wa karibu kabisa nimempata ni wa Jumanne."

"Mkataba unaisha kesho saa sita!"

"Basi mwombeni muuzaji aongeze siku. Sisi hatuna uwezo huo. Bi Pruitt nimeshamweleza, nimeongea naye sasa hivi."

Strohm alikuwa amenitangulia. Alijua nitakwenda kwa Odessa, alijua nitaungama, akaufunga mlango kabla sijaufikia.

Nilichapa karatasi moja: muuzaji anakubali kuongeza siku saba. Nikaendesha kwenda Perrysburg. Mimi, niliyemchukia yule mtu miaka tisa, nilikuwa nakwenda kumwomba. Njiani nilifanya mazoezi ya neno "tafadhali", likawa linanikwama.

Hakufungua yeye. Alifungua mwanamke mwembamba mwenye sare ya kazini ya rangi ya samawati, miwani juu ya nywele.

"Garrick katoka. Mimi ni Glenda. Nikusaidie nini?"

"Mimi ni mthamini. Yule wa kwanza."

"Haa! Ndiwe uliyesema sakafu ya mama yangu ni ya zamani?"

"Ndimi. Ilikuwa uongo."

Akasogea pembeni. "Ingia. Nina nusu saa ya chakula cha mchana, na leo sina njaa."

Tulikaa mezani, katikati ya maboksi. Nikasimulia kwa mara ya pili ndani ya siku mbili, na mara hii maneno yalitoka mepesi zaidi. Nilipofika kwa Odessa na mzee wake, Glenda alivua miwani, akaiweka mezani.

"Garrick aliniambia mnunuzi kakimbia. Kwamba hakutaka tena."

"Anaitaka kuliko kitu chochote. Garrick mwenyewe ndiye aliyemshauri afute masharti."

"Kwa jina langu," Glenda akasema taratibu. "Hati ya nyumba hii ni yangu, sahihi kwenye mkataba ni yangu. Kwa hiyo mwizi wa arubuni ya yule binti ni mimi."

Alinyanyuka, akatoa bahasha kwenye droo ya kabati. "Huu ni mkataba wa watu wa Ann Arbor. Kaniachia nisaini leo, atapitia kuuchukua." Akauweka kando ya karatasi yangu. Kisha akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Unajua anakimbilia nini? Kuna nyumba ya ziwani, huko Marblehead. Ameshaweka arubuni, elfu arobaini, akiba yake yote ya udalali. Kafuta masharti yote, akajiona mjanja. Pesa za nyumba hii zisipoingia mwisho wa mwezi, zile elfu arobaini amezipoteza. Mimi hakuniuliza kama nataka kukaa ziwani. Nachukia maji tangu nizaliwe."



"Rudia nisikie vizuri," nikasema. "Usipouza kwa yeyote..."

"Anapoteza kama mlivyopoteza nyinyi. Senti haibaki. Mimi nabaki na nyumba ya mama yangu, na yeye anatafuta pa kulala." Akaichukua kalamu, akaishika juu ya zile karatasi mbili. "Nikisaini hii yako, Odessa anapata nyumba na Garrick anapata ziwa lake. Nikisaini ya Ann Arbor, Garrick anapata ziwa na nyongeza. Nisiposaini yoyote, Garrick kwisha. Lakini na arubuni ya yule binti itabidi niirudishe kwa mapenzi yangu tu, na nyumba ataikosa."

"Wewe unataka nini?"

"Mimi nimeolewa miaka ishirini na mbili, sijui tena ninachotaka. Nakuuliza wewe. Wewe ndiye uliyempangia kisasi miaka tisa. Nisaini ipi?"

Nje gari likasimama. Mlango wa gari ukafungwa. Nilisikia sauti ya Strohm akiongea na mtu, kisha hatua kwenye vibao vya ukumbi wa mbele.

"Ndiye huyo," Glenda akasema. Hakugeuka. "Sema haraka. Akiingia nitasaini anachotaka, kama siku zote. Ipi?"

Nilimwona mzee dirishani. Naapa nilimwona, na beseni nililiona. Nikaiona na mikono ya Lonnie akifunga begi, kidole cha shahada na cha kati havipo, zipu inamshinda, ananikataza nisimsaidie.

Ufunguo ukaingia kitasani.

"Usisaini yoyote," nikasema. "Mwache apotee."

Glenda akaiweka kalamu chini.

Mlango ulikuwa umeshafunguka. Strohm alikuwa nyuma, ufunguo mkononi, mdomo wazi. Aliyetangulia kuingia, kofia ya udereva kaikunja kifuani kama mtu aliyekuja kuomba, alikuwa Odessa Pruitt.

Alikuwa amesikia kila neno.